Isale la Baba kwa Mwalimu wa Kijapani

Watu wakiniuliza kwa nini nilisoma Kijapani chuoni, huwa wanatarajia jibu la heshima: biashara ya kimataifa, teknolojia, utalii. Mimi nawaambia ukweli, wanacheka. Nilisoma Kijapani kwa sababu ya gari la baba.

Gari lenyewe bado lipo, limeegeshwa nyumbani kwa wazazi wangu, Njiro, rangi yake imeshaanza kuchoka. Baba aliliagiza kutoka Japani kabla hajastaafu, likiwa limeshatumiwa na watu wa huko, kama yalivyo magari mengi ya mji huu. Kila ukiliwasha, sauti ya mwanamke inatoka kwenye dashibodi, laini, ya adabu, inasema maneno yake halafu inanyamaza. Na baba yangu, mtu wa Machame aliyelelewa kuitikia salamu, hakuweza kusemeshwa akakaa kimya. "Asante, mama," analijibu gari. "Na wewe pia." Kisha anaingiza gia, tunaondoka.

Nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Mama alisema yule dada anatutakia safari njema. Kaka yangu, ambaye hakuna kitu duniani asichokijua, alisema anataja kiasi cha mafuta. Mimi kitinda mimba nilikaa kiti cha nyuma nikipelekwa shule, nikiwaza: je, kama anatuonya? Je, kama ni breki? Miaka yote ile mtu anatusemesha kila asubuhi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujishughulisha kujua anasema nini. Jambo hilo lilinikera kuliko mnavyofikiri.

Basi nilipomaliza kidato cha sita, chuo kimoja hapa Arusha kilikuwa kimeanzisha masomo ya lugha na tamaduni za Asia ya Mashariki: Kichina, Kijapani, na Kikorea kidogo kwa wenye kiu zaidi. Niliposoma tangazo nikaisikia ile sauti ya kwenye gari. Nikaenda kumwambia baba. Yeye alikuwa ameshanichagulia uhasibu zamani, tena alikuwa ameshawatangazia wenzake kanisani.

"Kijapani!" akasema. "Haya, nieleze. Hapa Njiro utakizungumza na nani? Na gari?"

"Mwache mtoto," mama akasema kutoka jikoni. "Wewe si ulisomea mifugo? Mbona umezeekea kwenye mafaili?"

Ndivyo nilivyoingia chuo, kwa msaada wa mama, na kwa baba kununa wiki nzima. Baba yangu ana hasira za kuchemka haraka na kupoa haraka, lakini maneno anayotoa yakiwa yamechemka, aisee, hayo hupoa polepole kwa waliomwagiwa.

Kabla mwaka wa kwanza haujaisha nilikaa kiti cha mbele siku moja, baba akawasha, na kwa mara ya kwanza nikamwelewa yule dada. Nilipiga kelele hadi baba akazima gari. Alikuwa anasema kadi haijachomekwa. Basi! Kule kwao kuna barabara za kulipia, gari linataka kadi yake, na tangu limefika Arusha lilikuwa linalalamika kila asubuhi kwamba kadi haipo. Baba aliposikia akaniangalia.

"Kumbe nilikuwa namwambia asante kwa kunidai," akasema. "Haya, umeshaelewa. Masomo yamekwisha, rudi kwenye uhasibu."

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, nywele zimekatwa usawa wa masikio, mtu wa kuongea taratibu na kusikiliza kuliko kuongea. Tulimwita sensei, kama wanafunzi wa kwao wanavyowaita walimu wao. Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini kisafi, hakupenda kukichanganya na kitu. Alitufundisha kuandika herufi zao kwa mpangilio, mstari huu kwanza, huu baadaye, na ukiukosea mpangilio alijua hata kama herufi imetoka nzuri. Mwaka ule wa kwanza tulimwona mkali. Nikikumbuka sasa, naona hakuwahi kupandisha sauti hata mara moja.

Kuna siku alitupeleka Momela. Alitaka tuyaeleze maziwa yale kwa Kijapani, heroe wale wa waridi majini, nyati kwenye nyasi, upepo, kila kitu, kana kwamba tuna mgeni kutoka kwao. Tulichapia vibaya sana, twiga alipotokea tukaishia kumnyooshea kidole tu. Yeye alikuwa amegeuka anautazama Mlima Meru. Akatuambia kwamba nyumbani kwao pia kuna mlima unaoonekana dirishani, na kila asubuhi mama yake huutazama ili ajue kama aanike nguo. Mimi nikacheka kwa sauti, maana mama yangu hufanya hivyo hivyo na Meru. Tangu siku ile nilimpenda.

Sasa, katika somo la utamaduni palikuwa na jambo moja lililowashangaza wengine chuoni. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho kikiisha, sensei alileta ndoo na matambara, tunavua viatu, tunadeki darasa. Siyo kwa mopu. Kwa mikono, umepiga magoti, tambara chini ya viganja, unalisukuma kutoka ukuta huu hadi ule. Alituambia kwao watoto husafisha shule yao wenyewe tangu darasa la kwanza, na hakuna anayeona ni adhabu. Chumba ulichosomea unakiaga kwa kukisafisha. Rafiki yangu wa Daraja Mbili, binti wa wafanyabiashara, hakushangaa hata kidogo. "Kwani msikitini si tunavua viatu na kufagia wenyewe?" akasema. "Nyie wa Njiro ndiyo mnaona maajabu."

Kila mtu alikuwa na tambara lake, kipande cha taulo alichokishona mwenyewe, limeanikwa kwenye kamba nyuma ya darasa. Langu lilikuwa la bluu. Nilikuwa nalipenda tambara lile, mtanisamehe. Kulikuwa na utulivu fulani katika zile Ijumaa, jua la jioni likiingia dirishani, sisi wote chini, hakuna mkubwa wala mdogo.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, mwaka wangu wa pili, baridi ilikuwa imeshuka kutoka mlimani na mimi nilikuwa nimeondoka nyumbani bila sweta. Mama akamtuma baba aniletee. Baba akaja chuoni, akauliza darasa, akaelekezwa, akafungua mlango. Mimi nilikuwa katikati ya chumba, magoti chini, kichwa chini, na sehemu nyingine iliyobaki iko juu, inamtazama yeye.

Weee! Sijui nianzie wapi.

"Hiki ni nini?" alifoka. "Nimemleta mwanangu hapa asome, sikumleta adeki! Nani amewaweka hawa watoto chini namna hii? Mnatoka huko kwenu mnakuja kutufanyia watoto wetu watumishi? Yuko wapi huyo mwalimu?"

Sensei akainuka kutoka nyuma ya meza yake. Akaja mbele, akasimama mbele ya baba, akainama. Kuinama kwenyewe siyo kule kwa kutikisa kichwa, hapana, aliinama mgongo ukalala kabisa, mikono imenyooka, akabaki hivyo. "Samahani sana, Baba," akasema akiwa ameinama. "Samahani sana." Baba akamwangalia. Akanitupia sweta, akaondoka.

Nilipofika nyumbani jioni nilimkuta ana furaha ya mtu aliyeshinda kesi. "Umemwona?" akamwambia mama. "Amekiri mwenyewe. Mtu asiye na kosa hawezi kuinama vile." Nilijaribu kumweleza kwamba kwao mtu huomba samahani kwa sababu mgeni amekasirika mlangoni pake, kosa liwepo lisiwepo. Hakunisikiliza. Mshindi huwa hasikilizi.

Ijumaa iliyofuata nilipokwenda kuchukua tambara langu, sensei alinizuia kwa upole. "Wewe kaa," akasema. "Baba hapendi." Nilimsihi, akatikisa kichwa. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Kwake yeye, mzazi akisema, amesema. Nikakaa kwenye kiti, wenzangu wanadeki wakinizunguka, hadi rafiki yangu wa Daraja Mbili akafika miguuni pangu na tambara lake. "Malkia," akasema, "tafadhali inua miguu." Nikainua, huku nikilia.

Lakini hilo halikuwa kubwa. Kubwa lilikuja wiki mbili baadaye, sensei aliponiita ofisini. Kulikuwa na nafasi moja ya mwanafunzi wetu kwenda kusoma mwaka mmoja Japani, kwenye chuo rafiki, na kuishi na familia ya huko. Jina lilitakiwa lipelekwe kabla mwezi haujaisha. Akaniambia jina alilolitaka ni langu. Kisha akaniambia hawezi kulipeleka.

"Ile familia wataniuliza," akasema, akitafuta kila neno. "Baba yake anasemaje? Mama yake anasemaje? Mimi siwezi kudanganya. Siwezi kumchukua mtoto kwa baba ambaye hataki."

"Nikimwomba aje aseme?"

"Akija kwa moyo wake, nitafurahi sana. Lakini mimi siendi kumwomba. Nimeshamuudhi mara moja."

Nilitembea kutoka chuoni hadi stendi sijui nilipitia wapi. Mwaka mzima kule! Kusikia lugha ile kila mahali, sokoni, kwenye treni, siyo kwenye dashibodi tu. Nilikuwa sijawahi kutaka kitu namna ile, na kilikuwa kimening'inia kwenye mdomo wa baba yangu, mdomo usiojua kuomba radhi. Kwa kweli, katika maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kumsikia baba akitamka neno "samahani" kwa mtu.

Mezani jioni nikasema yote. Baba akaendelea kula.

"Si aliomba msamaha? Mwenye kosa atawekaje masharti?"

"Mwenye kosa nani?" mama akauliza.

"Baba," nikasema, "hukuyaona magoti yake?"

"Magoti ya nani?"

"Ya sensei. Yalikuwa yameloa. Tambara lake lilikuwa mkononi. Alikuwa anadeki nyuma ya ile meza. Anadeki kila Ijumaa pamoja na sisi, na yeye ndiye huchukua kona ya mlangoni kwenye matope, sisi tunachukua sehemu safi."

Baba akaacha kutafuna. "Mwalimu wa chuo kikuu?"

"Ndiyo."

"Amepiga magoti chini?"

"Chini, baba. Kama mimi."

Akaweka kijiko. Akaenda kuangalia kama geti limefungwa, na geti alikuwa ameshalifunga.

Jumamosi asubuhi nilimwona kwenye uzio. Nyumba yetu ina ukuta kama nyumba nyingine za Njiro, lakini kwa ndani mama amepanda masale, mimea ya majani marefu, mstari mzima, aliyoyaleta kutoka kwao Machame, kwa kuwa alisema nyumba isiyo na masale ni ghala. Baba alikuwa na kisu. Akachagua chipukizi moja zuri, akalikata na kikonyo chake, akalikunja jani la juu akalifunga fundo. Mama alikuwa dirishani. Akaniangalia, akaweka kidole mdomoni.

Kwetu Uchagani, ukimkosea mtu, isale ndilo linalokwenda kusema. Halihitaji maneno. Unalifunga fundo, unampelekea uliyemkosea, na akilipokea mambo yamekwisha, hayarudiwi. Kulikataa ni kujitafutia balaa, hata mtu mwenye uchungu mwingi hulipokea. Nimesikia ugomvi wa mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya ukoo, wa miaka na miaka, ulivyomalizwa na jani moja. Na mimi nilikuwa sijawahi kumwona baba akilikata kwa ajili ya mtu yeyote.

"Nionyeshe anapokaa," akaniambia. Akawasha gari. Dada akasema kadi haijachomekwa. Baba hakumjibu.

Sensei alikuwa amepanga nyumba ndogo upande wa Ilboru, kwenye mteremko, na viatu mlangoni vimepangwa vimetazama nje. Baba akavua vyake. Soksi ya kulia ilikuwa imetoboka, kidole gumba kikachungulia, akajaribu kukificha nyuma ya mguu mwingine, akasimama hivyo kama korongo. Akampa sensei isale kwa mikono miwili. Hakusema kitu. Sensei akalipokea kwa mikono miwili, akainama, na uso wake ukang'aa.

"Aaa! Huu mti naujua!" akasema. "Kwetu unauzwa madukani, kwenye chungu. Watu wanauweka sebuleni. Unaitwa mti wa furaha."

Halafu, mbele ya macho yetu, akalifungua lile fundo. Taratibu, kwa vidole vyake vidogo, akalinyoosha jani kama mtu anayelionea huruma, akajaza glasi maji, akalitumbukiza isale humo na kuliweka dirishani. Nilimwangalia baba. Isale la msamaha halifunguliwi. Sijui hata kama yuko aliyewahi kulifungua. Macho ya baba yalikuwa yametoka. Tukaletewa chai ya kijani isiyo na sukari, akainywa yote kwa mkupuo mmoja kama dawa ya minyoo, akashukuru, tukaondoka.

Kwenye gari alikuwa mtu mwingine. Alikuwa anapiga mluzi! "Umeona?" akasema. "Wengine wanapokea tu. Huyu amepokea, amefungua, amelipa na maji linywe. Huyu mama anajua mila kuliko vijana wetu. Yamekwisha hayo." Nami nimekaa pale, nimeshika mkanda wa gari, sijui nicheke au nilie. Yeye alikuwa ameomba msamaha kwa mara ya kwanza maishani mwake, na aliyeombwa alidhani ameletewa pambo la sebuleni.

Jumatatu sensei akaniambia baba yangu ni mtu mkarimu sana, na kwamba kwao zawadi haikai bila kurudishwa, atakuja Jumamosi nyumbani kusalimia. Kuhusu safari, kimya. Mwezi ulikuwa unakwisha. Nilikimbia kwa mama nikamweleza kila kitu, na badala ya kunihurumia alicheka hadi kitenge kikamfunguka.

"Mwache aje," akasema huku akijifunga upya. "Na wewe usimwambie mtu kitu. Haya ni ya watu wazima."

Jumamosi sensei akaja na boksi la biskuti lililofungwa kwa kitambaa kizuri, na zawadi yake ilipokelewa kwa heshima zote. Mama alikuwa amepika machalari, ndizi na nyama, kwa wingi wa kulisha msiba. Tukala. Sensei alikula akasifia, akaongezewa, akasifia tena, akaongezewa tena, hakujua kwamba ukisifia kwa mama yangu unajiponza. Ndipo mama akaanza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesimulia habari za bei ya vitunguu.

"Mwalimu, ule mti alioleta baba watoto. Kwetu tunauita isale. Mtu hampi mwenzake isale kwa ajili ya sebule." Akamweleza. Fundo, kimya, msamaha, kutokukataa. Alitumia maneno mepesi, na palipokuwa pagumu akaonyesha kwa mikono. Baba alikuwa anaangalia sahani yake kana kwamba kuna mtihani chini ya ndizi.

Sensei akaweka uma. Akashuka kwenye kiti chake, akakaa sakafuni juu ya visigino vyake, mgongo wima, akaweka viganja chini, akainama hadi paji la uso likagusa zulia letu. "Sikujua," akasema. "Baba, nimelifungua. Nisamehe. Sikujua."

"Inuka, mwalimu, inuka bwana," baba akasema, ameshasimama, amechanganyikiwa. "Hujakosa. Kulifungua... ni vizuri. Ni vizuri zaidi."

Sensei akainua kichwa lakini akabaki pale pale chini. "Nimeelewa jani," akasema. "Jani limesema ya nyuma yamekwisha. Nashukuru sana. Lakini jani halijasema kitu kuhusu mtoto. Nimpeleke, au nisimpeleke?"

Baba akatazama dirishani, akatazama ukuta, akanitazama mimi. Kisha akageuka akatoka nje.

Nilijua ndiyo basi. Nilisikia mlango wa gari ukifunguliwa na kufungwa, gari likawashwa, na ile sauti tamu ikasema kwa mbali kwamba kadi haijachomekwa. Anaondoka, nikawaza. Anatuacha na mgeni sakafuni. Nikaanza kuinuka nimfuate, mama akanishika mkono akanirudisha. "Tulia," akasema. "Ngoja."

Gari likazimwa. Baba akarudi. Alikuwa amevaa lile koti lake la kanisani ambalo hukaa kwenye gari, amelifunga vifungo vyote. Akaja mbele ya sensei, akashuka chini, goti moja, kisha la pili, na magoti yake ya uzeeni yakalia. Akaweka mikono juu ya mapaja. Akainama. Na kwa lafudhi nzito ya Machame, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa mawe, akasema:

"Musume o yoroshiku onegaishimasu."

Ndiyo maneno ambayo mzazi wa kule humwambia mtu anapomkabidhi mwanawe. Binti yangu yuko mikononi mwako, nakuomba umwangalie. Hakukosea hata silabi.

Sensei akafunika mdomo kwa mikono miwili, machozi yakamtoka. Akainama. Baba kuona ameinamiwa akainama zaidi. Sensei naye akainama zaidi yake, na sijui wangefika wapi kama mama hangesema, "Haya, machalari yanapoa."

Nilimwuliza mama baadaye, jikoni, nikiwa naosha vyombo na machozi yananidondokea kwenye karai: amejifunza lini? Mama akanishangaa.

"Tangu alipotoka kwa mwalimu kupeleka isale. Ameyatafuta kwenye simu. Wewe ulidhani alfajiri zote hizi anapasha gari moto? Amejifungia mle ndani anafanya mazoezi. Anasema yule dada wa kwenye gari ana matamshi mazuri, anamfuatisha sauti."

Jamani, baba yangu! Yule aliyeniuliza nitakizungumza na nani.

Nilikwenda Japani. Nikakaa mwaka, nikarudi, na leo nafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika idara ile ile, na wageni wa Kijapani wakija nawapeleka Momela, twiga akitokea namtaja kwa jina lake. Sensei alisharudi kwao kumtunza mama yake. Kabla hajaondoka alituletea isale, lilikuwa limetoa mizizi kwenye glasi, na mama akalipanda kwenye uzio pamoja na wenzake. Namshukuru Mungu kwa watu hawa watatu kila nikipita pale. Wangeweza kabisa kukosana, kila mmoja akiwa na haki yake na adabu yake, mimi nikabaki katikati.

Lakini ukiniuliza ni siku gani naikumbuka zaidi, siyo ya ndege, wala ya theluji. Ni Ijumaa iliyofuata baada ya yale machalari. Kipindi kiliisha, wenzangu wakainuka kuchukua ndoo, nami kwa mazoea nikabaki kwenye kiti na kuinua miguu. Sensei akaenda nyuma ya darasa, akalitoa kwenye kamba lile tambara langu la bluu, lililokuwa limekauka kwa kukaa bila kazi. Akaja nalo hadi nilipo, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Baba amesema ndiyo," akasema.

Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikalichovya kwenye ndoo, nikalikamua, nikapiga magoti pale pale aliponikuta baba, na sensei akaenda kwenye kona yake ya mlangoni.